Sauti ya Chini kwa Mama Aliyeondoka

Katika wimbo wa kumi wa albamu ya Carrie & Lowell, nyuma ya gitaa na nyuma ya sauti ya mwimbaji, kuna mvumo wa kiyoyozi. Ili kuusikia unahitaji chumba kilichotulia na spika za masikioni. Mafundi wa studio kwa kawaida hulipwa kuondoa vitu vya namna hiyo: mlango uliolia, kiti kilichoguna, pumzi iliyovutwa kwa nguvu mno. Hapa vimeachwa. Sehemu ya rekodi hizi ilinaswa kwa simu ya iPhone katika chumba cha hoteli mjini Klamath Falls, jimbo la Oregon. Nyingine zilifanyika ofisini kwa mwimbaji, Brooklyn, New York. Mwishoni mwa wimbo wa tisa anavuta pumzi ghafla, wala hatuambiwi alitaka kusema nini. Wimbo unakatika hapo.

Nimeisikiliza albamu hii kwa miaka mingi. Kila ninapoandika katika safu hii juu ya misiba, malezi au msamaha, huwa imo ndani ya mawazo yangu bila kutajwa. Leo naitaja.

Mwenyewe ni Sufjan Stevens, Mmarekani aliyezaliwa Detroit mwaka 1975 na kukulia jimbo la Michigan. Jina hilo lisitutishe. Ni Sufiani yule yule tunayemjua mitaani kwetu, ingawa yeye ni Mkristo. Wazazi wake walikuwa katika jumuiya ya kiroho ya Subud, iliyoanzia Indonesia, na jina alipewa na mwanzilishi wa jumuiya hiyo. Watu walimjua kwa muziki mkubwa. Albamu yake ya Illinois ya mwaka 2005 ina matarumbeta, fidla na kwaya, na baadhi ya majina ya nyimbo zake ni marefu kuliko barua. Aliwahi kutangaza kwamba kila jimbo la Marekani atalitungia albamu yake, majimbo yote 50, akaishia mawili. Mwaka 2010 akatoa The Age of Adz, iliyojaa mashine na kelele za kielektroniki. Ndipo tarehe 31 Machi 2015 ikaja hii: nyimbo 11, dakika zisizofika 45, ngoma karibu hakuna, gitaa la kudonolewa kwa vidole, kinanda kidogo, na sauti ya mwanamume anayekaribia miaka 40 akiimba chini chini, mara nyingi sauti hiyo hiyo ikiwa imerekodiwa mara mbili na kulazwa juu yake yenyewe.

Wasikilizaji wetu wa zamani hawatauona mtindo huo mgeni. Gitaa kavu la mtu mmoja, kidole gumba kikishika besi na kidole cha shahada kikitembea juu ya nyuzi nyembamba, ndilo alilopiga Mwenda wa Bayeke Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, Hugh Tracey alipomrekodi "Masanga" mwaka 1952. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga. Sidai kwamba Stevens alimsikiliza. Nasema tu kwamba sikio lililozoea muziki ule linajua tayari kuwa gitaa moja linatosha, na halitangoja ngoma ziingie.

Carrie ni mama yake. Aliondoka mtoto akiwa na mwaka mmoja. Alikuwa akiugua skizofrenia na sonona, na juu ya hayo kukawa na ulevi. Watoto wakabaki Michigan, wakalelewa na baba yao na mama wa kambo. Baadaye Carrie akaolewa na Lowell Brams, na katika miaka mitano ya ndoa hiyo watoto walikuwa wakipelekwa Eugene, Oregon, kwa likizo za kiangazi. Sufjan alikuwa na miaka mitano hadi minane hivi. Kutoka kwenye likizo hizo chache ndiko zinakotoka karibu kumbukumbu zote alizo nazo za mama: bwawa la kuogelea, mwalimu aliyeshindwa kulitamka jina lake akamwita Subaru. Kumbukumbu ya mapema zaidi ni ya duka la kukodisha kanda za video ambamo mama aliwaacha akaenda zake. Ndoa ikavunjika, likizo zikaisha, mama akawa mtu wa kuonekana kwa nadra. Desemba 2012 akafariki kwa saratani ya tumbo. Mwanawe aliwahi kufika kitandani kwake kabla ya mwisho, wakaambiana kwamba wanapendana.

Mtu akiitazama hesabu hiyo anaweza kudhani msiba wa namna hii ni mwepesi. Umekosa nini, ikiwa hukuwahi kupewa? Stevens mwenyewe amesimulia kwamba kilichofuata kilimshangaza: alianguka kabisa, akafanya mambo ya kujiumiza, akawa anamtafuta mama kwa kuurudia mwenendo uleule uliomwangamiza mama. Hapo ndipo albamu hii inaponigusa, kwa sababu swali lake nimewahi kulisikia kwa Kiswahili, likiulizwa na mtu wa damu yangu.

Kwetu maneno "Nani kama mama" yako nyuma ya daladala, yako kwenye kanga, yako kwenye kadi za harusi. Nayapenda na nimeyavaa. Lakini ndani ya daladala hiyo hiyo kuna abiria ambaye mama yake aliondoka, na maneno yale yanampita kila asubuhi bila kumsalimu. Methali inasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa mzazi aliyekwenda zake anaujua mwana, na huyo mwana hatujamtungia methali.

Mama yangu mdogo aliondoka Muheza kwenda kutafuta maisha mjini, akamwacha mwanawe kwa bibi kabla meno hayajamwota yote. Tulikua naye. Mama yake alikuja mara chache, na zawadi, halafu simu zikawa nyingi kuliko safari, halafu simu nazo zikapungua. Siku alipofariki aliletwa nyumbani kuzikwa. Ndugu yangu akawekwa mbele, mwana wa marehemu, akapewa karatasi ya wasifu asome. Wazee waliiandika kwa mapenzi: mama mlezi, mama mcheshi, mama aliyejitoa kwa familia. Alisoma hadi mwisho bila sauti kukatika, na watu wakamsifu kwamba amejikaza kiume. Usiku, chini ya turubai, wenzetu wengine wakicheza bao, aliniambia: "Dada, nimesoma habari za mtu nisiyemjua. Na bado nina uchungu. Sasa uchungu huu ni wa nini?"

Mzee mmoja aliyekuwa karibu akamjibu kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli, lakini hakuwa ameuliza hilo.

Nadhani uchungu ule ni wa tumaini. Mama aliyeondoka akiwa hai, mlango unabaki wazi kidogo. Mtoto anaweza kuwa na miaka 10 au 37, akawa na mke, kazi na jina mjini, lakini kuna pembe ya moyo inayongoja siku mama atakaporudi na kuwa mama. Kifo kinapofika kinachukua wawili: yule aliyekuwepo, mwenye makosa yake na maradhi yake, na yule ambaye angeweza kuja. Wa kwanza tunamwandikia wasifu. Wa pili hana kaburi, na aliyefiwa naye hana wa kumpa pole.

Stevens anawazika wote wawili, tena bila kuwachanganya. Katika wimbo wa kwanza anamsamehe mama yake waziwazi, na anasema anatamani kuwa karibu naye, huku akikiri kwamba hata hajui aanzie wapi. Kuanza na msamaha ni jambo la ajabu. Wengi tungeuweka mwisho, baada ya kumaliza kuhesabu madeni. Yeye anautoa kwanza, halafu ndipo anafungua hesabu, na hesabu yenyewe inageuka kuwa ya kwake zaidi kuliko ya mama. Katika wimbo wa pili, Should Have Known Better, anajilaumu: angeandika barua, asingelinyamazia jambo, angejua mapema. Gitaa linakwenda polepole chini ya majuto hayo. Kisha katikati ya wimbo kinanda kinaingia, muziki unanyanyuka, na tunaambiwa kaka yake amepata mtoto wa kike. Sijui mahali pengine katika muziki wa lugha yoyote ambapo kuzaliwa kwa mtoto kunaletwa katika msiba kwa unyenyekevu kama ule. Hasemi mtoto amekuja kuziba pengo. Anamtazama tu, na nuru inaingia.

Wimbo huo ndio niliompigia ndugu yangu miezi kadhaa baada ya mazishi, kwenye simu, nikimtafsiria kila mstari. Alisikiliza akiwa ameinama.

"Huyu naye aliachwa?"

"Aliachwa."

"Sasa mbona anajilaumu yeye?"

Nilishindwa kumjibu, maana nilijua hamwulizii Mmarekani. Akaomba niurudie.

Wimbo wa sita una jina la sikukuu ya uhuru ya Marekani, tarehe 4 Julai, siku ya fataki. Ndani yake mama na mwana wanazungumza, mmoja akiwa tayari ni maiti. Mama anambembeleza kwa majina ya viumbe warukao, kimulimuli na mwewe mdogo, na anamwuliza kama alipata mapenzi ya kutosha. Ni swali ambalo mama huyu hakuwahi kuliuliza ipasavyo akiwa hai. Mwana anamwazima sauti ili aliulize. Kisha wimbo unaishia kwenye tamko moja linalorudiwa na kurudiwa, kwamba sote tutakufa. Kwa msomaji wetu, aliyezoea kuambiwa hivyo kila Ijumaa na kila Jumapili, tamko hilo si habari. Linalonishika ni namna linavyosemwa, bila vitisho wala mahubiri, kwa sauti ya mtu anayemfunika mtoto shuka.

Katika wimbo huo huo anautaja moto wa Tillamook. Ni jambo la kweli. Misitu ya Tillamook, kaskazini magharibi mwa Oregon, iliungua mwaka 1933, ikaungua tena 1939, 1945 na 1951, kila baada ya miaka sita, hata wenyeji wakaanza kuzungumza juu ya nuksi. Baadaye raia wa kawaida, watoto wa shule wakiwemo, walisaidia kuipanda upya, na miche kama milioni 72 iliingizwa ardhini kwa mkono. Mwaka 1973 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa msitu wa jimbo. Stevens anataja moto tu. Miche haitaji. Naona yuko sawa. Alipokuwa anaimba bado hakuwa amefika huko, na aliyefiwa asilazimishwe kupanda kabla majivu hayajapoa.

Niseme kitu juu ya sauti ya chini, kwa sababu wengine husikiliza dakika tano wakasema albamu hii ni ya kulalia. Msibani kwetu kilio kina nafasi yake, na mimi si miongoni mwa wanaokibeza. Kuna uchungu usiotoka ila kwa kupiga ukelele. Lakini kuna mambo ambayo yakisemwa kwa sauti kubwa hugeuka mashtaka. Mama alikunywa. Mama aliniacha dukani. Mama hakunijua. Yaseme hayo kwa nguvu mbele za watu na papo hapo utakuwa umemvunjia marehemu heshima, na ukoo mzima utasimama kumtetea. Yanyamaze, na yatakula ndani. Stevens amepata njia ya tatu: anayasema yote, kwa majina na mahali, kwa sauti ambayo haiwezi kumshitaki mtu. Msikilizaji ndiye anayepaswa kusogea. Ukishasogea kiasi hicho huwezi tena kuwa hakimu, maana umeketi naye mkeka mmoja.

Wala sauti hiyo haikuja yenyewe. Nyimbo zilikuwa nyingi, zimetawanyika, zimerekodiwa huku na kule, na mwenyewe alikuwa amepotea ndani yake. Aliyemsaidia kuzichambua ni rafiki yake Thomas Bartlett, mpiga kinanda, ambaye naye alikuwa amefiwa na ndugu yake kwa saratani. Bartlett ndiye aliyemwonyesha zipi ziwe albamu na zipi ziachwe. Nikiisikiliza nasikia kazi ya wafiwa wawili, mmoja akimshika mwenzake mkono asizidishe.

Si kila kitu ninakipenda sawa. Wimbo wa tatu sijawahi kuuingia. Unataja mapenzi yaliyopoa kati ya wawili na unanitoa kwenye chumba cha mama. Wimbo wa saba, The Only Thing, ni mzuri lakini mzito mno. Ndani yake anataja wazi fikra za kujiua, na vitu vilivyomzuia, yakiwemo maajabu ya uumbaji na mapango ya simba wa baharini ya pwani ya Oregon. Aliye katika hali hiyo leo asiusikilize akiwa peke yake. Amwite mtu, azungumze.

Wimbo wa mwisho unatumia hadithi ya kale ya Oregon. Mwaka 1845 msafara wa walowezi ulipotea njia katika nyanda kavu za mashariki mwa jimbo hilo, na inasimuliwa kwamba watoto waliokota mawe ya manjano kando ya kijito, wakayaweka katika ndoo ya buluu. Baadaye dhahabu ilipojulikana California, watu wakakumbuka mawe yale. Kijito kikatafutwa kwa miaka mingi na hakikuonekana. Mtoto aliyekuwa na dhahabu mkononi akiwa na miaka mitano, asijue ni dhahabu, kisha akatumia maisha yake akitafuta njia ya kurudi pale: hakuna haja ya mimi kueleza kwa nini mwimbaji huyu aliichagua hadithi hiyo.

Albamu ilipotimiza miaka 10, mwaka 2025, lilitolewa toleo jipya, na Stevens akasema mambo yaliyonihuzunisha. Alisema anaionea haya kazi hii, kwamba alijaribu kupata maana katika jambo lisilo na maana, na kwamba anajiona alikuwa mbinafsi kuyafanya maisha ya mama yake kuwa nyimbo. Ninauheshimu wasiwasi huo. Marehemu hana namna ya kujibu, na anayesimulia habari zake lazima atetemeke. Hata hivyo sikubaliani naye. Angenyamaza, Carrie angebaki kuwa mwanamke mgonjwa aliyeacha watoto, na faili lingefungwa. Kwa sababu mwanawe aliimba, watu wasiomjua wanajua kwamba kulikuwa na Carrie, kwamba alipendwa, na kwamba watoto wake walicheka kule Eugene. Wasifu wa kweli humwacha marehemu akiwa mtu mzima, mwenye pande zake zote, na hilo ni heshima kubwa kuliko sifa za kwenye karatasi.

Halafu kuna Lowell. Jina lake limo kwenye jalada pamoja na la Carrie, na picha yao wawili, ya zamani, iliyopauka. Baba wa kambo kwa miaka mitano tu! Hadithi zetu zimewachafua sana wazazi wa kambo; sikumbuki ngano hata moja ya utotoni ambamo mmoja wao alikuwa mwema hadi mwisho. Lowell Brams aliachana na Carrie katikati ya miaka ya 1980, na hakuna sheria wala mila iliyomtaka aendelee kuwajali watoto ambao hawakuwa wake hata walipokuwa chini ya dari yake. Akaendelea. Mwaka 1999 alishirikiana na Sufjan kuanzisha lebo ya Asthmatic Kitty, na lebo hiyo ndiyo iliyotoa albamu hizi zote nilizozitaja, akiiendesha yeye kwa miaka mingi. Ofisi, mikataba, bahasha za posta: mambo yasiyoimbwa. Mama aliyeimbiwa alikuwepo kwa likizo chache. Mwanamume aliyekuja kwa ajili yake akakaa maisha yote.

Lowell alipokaribia kustaafu, wawili hao walikusanya vipande vya muziki walivyokuwa wakivipiga pamoja nyumbani kwa miaka mingi, na mwezi Machi 2020 wakavitoa kwa jina la Aporia. Karibu yote ni ala tupu, mawimbi ya kinanda cha umeme, maneno machache sana. Kama muziki haiifikii Carrie & Lowell, na sitamwambia mtu aianze nayo. Lakini kwenye jalada kuna majina mawili, la mtoto na la baba wa kambo, na wote wawili wameandikwa kuwa watunzi.